Mtoto Aliyekosa Mara ya Kwanza, na Baraza la Vijana Wenzake

Hotuba kwa Waislamu wa Mbarara na Nakivale

  

 Jambo la leo ni dogo kwa jina lakini ni kubwa kwa matokeo yake: mtoto aliyetenda kosa kwa mara ya kwanza afanywe nini, na nani akae naye amwonyeshe kosa lake?

Chukueni mfano wa kijana wa miaka 14 aliye Nakivale. Baba yake alipotea vitani, naye analelewa na shangazi. Siku moja anapita sokoni, anaona simu ya mkononi juu ya meza ya duka, anaichukua, anakimbia, anashikwa. Hajapata kuiba kabla ya siku hiyo. Tangu hapo njia nne ziko mbele yake. Ya kwanza ni umati wa watu wenye mawe na magongo. Na kila mtu katika nchi hii anajua ya kuwa mwizi aliyeangukia mikononi mwa umati huenda asiione jua la kesho. Ya pili ni fimbo za nyumbani, apigwe hata achoke aliyepiga, kisha alale na njaa. Ya tatu ni kituo cha polisi na mahakama, mbali na shangazi yake. Ya nne ni kuachiliwa: simu imerudi, wazee wamechoka, jambo limenyamaziwa; na baada ya miezi michache si simu tena anayoiba.

Njia hizo nne zina upungufu mmoja. Hakuna hata moja inayomfanya kijana yule aketi, amtazame mwenye duka usoni, ajue ni nini alichomwondolea mtu yule, kisha akitengeneze alichokiharibu. Na hapana hata moja ambayo mwenye duka mwenyewe aulizwa: wewe watakaje?

Nakivale ni mji wa wageni uliokomaa. Wakimbizi wa kwanza, waliotoka Rwanda, walifika huko mwishoni mwa miaka ya 1950, na baada yao wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo, hata leo watu wake wapita laki moja. Zamani nchi ile ilihesabiwa katika wilaya ya Mbarara. Tangu mwaka 2005 imo katika wilaya ya Isingiro. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wengi wao sokoni na msikitini. Na kila taifa lilikuja na desturi yake ya kusuluhisha watu. Wasomali wana xeer, ambayo wazee huketi chini ya mti wakalipima jambo mpaka wapatane. Warundi wana bashingantahe, watu waliokubaliwa na jirani zao kwa uaminifu wao. Warwanda wana gacaca, na Wakongo wana baraza zao za wazee. Hizo ni hazina, na atakayezidharau amepotea. Walakini katika hizo zote, kwa kawaida, wasemao ni wazee. Kijana huletwa, husimamishwa, huambiwa. Rika lake, ambalo ndilo lijualo alivyoingia katika kosa lile na nani aliyemsukuma, halina neno.

Juu ya hayo kuna ufukara. Mwaka 2023, kwa upungufu wa fedha, Shirika la Chakula Duniani liliwagawa wakimbizi wa Uganda mafungu 3 kwa kadiri ya shida zao, na fungu la tatu, lililodhaniwa kuwa laweza kujitegemea, likakatiwa msaada wa chakula. Haisemwi hapa ya kuwa njaa yahalalisha wizi. Yasemwa tu ya kuwa anayemhukumu mtoto bila ya kuuliza alikula nini jana amehukumu nusu ya jambo.

Wasomi watakumbuka habari ya Seyyidna Omar. Watumwa wa Hatib bin Abi Baltaa waliiba ngamia wa mtu wa kabila la Muzayna, wakamchinja. Omar alipoona ya kuwa bwana wao ndiye aliyewatia njaa, aliwaondolea wale watumwa adhabu, akamgeukia bwana wao. Akamwuliza mwenye ngamia bei yake, naye akasema hakukubali kumwuza kwa dirham 400. Omar akamwamuru Hatib alipe 800. Tazameni uadilifu wake: mwenye mali hakupunjwa hata kidogo, na mwenye njaa hakuonewa, na mkubwa aliyekuwa nyuma ya kosa hakusahauliwa.

Na sasa sheria ya nchi, maana si haki kutaka jambo jipya kabla ya kulijua lililopo. Uganda ina Sheria ya Watoto, iliyotungwa mwaka 1996 na kurekebishwa mwaka 2016. Kwa sheria hiyo mtoto aliye chini ya miaka 12 hashitakiwi kwa kosa la jinai. Mtoto aliyekamatwa, polisi wana ruhusa ya kumwonya na kumwachilia bila ya kumpeleka mahakamani. Na wakimweka, haifai wamweke zaidi ya saa 24, wala wasimchanganye na watu wazima. Kila wilaya yapasa iwe na Mahakama ya Familia na Watoto, nayo husikiliza mambo faraghani. Sheria imekwenda mbali hata ikakataza maneno: haisemwi juu ya mtoto kuwa "ametiwa hatiani" wala kuwa "amepewa kifungo", husemwa ya kuwa kosa limethibiti na amri imetolewa. Waliotunga sheria hiyo walijua ya kuwa jina baya likimwingia mtoto halimtoki.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Sheria hiyo yaipa mahakama ya kijiji, yaani ile ya LC I, uwezo wa kusikiliza makosa madogo ya mtoto: ugomvi wa hadharani, kupiga, wizi, kuingia mahali pa watu bila ya ruhusa, na kuharibu mali kwa makusudi. Na amri zake ni za upole: kupatanisha, kulipa fidia, kurudisha kilichochukuliwa, kuomba radhi, kuonya, au kumweka mtoto chini ya uongozi wa mtu mwema kwa muda usiozidi miezi 6. Kumpeleka mtoto rumande haina ruhusa. Nayo Katiba ya mwaka 1995 imewaagiza mahakimu wakuze upatanishi baina ya watu. Basi mlango wa sulhu uko wazi katika sheria. Wanaohitajika ni watu wa kuuingia.

Nakivale jambo hili lina uzito zaidi, kwa kuwa mahakama ya Isingiro iko mbali na nauli ni ghali. Ndiyo sababu mwaka 2013 ilianzishwa huko mahakama ya kutembea, hakimu na watu wake wakawafuata wakimbizi na wenyeji waliko. Ni jambo la kushukuriwa. Lakini hakimu anayekuja kwa vipindi hawezi kuwa mlezi wa kila siku, wala haifai muda wake uishe katika kesi za maharage na simu ilhali wenye kudhulumiwa makubwa wanamngoja.

Hapa ndipo pafaapo kutaja jambo lililofanywa na watu wengine. Mwaka 1983, katika mji wa Odessa, jimbo la Texas huko Marekani, mama mmoja aitwaye Natalie Rothstein alianzisha baraza ambalo vijana waliokosa kwa mara ya kwanza huletwa mbele ya vijana wenzao. Mfano huo ukaenea mpaka baraza za namna hiyo zikawa mamia kwa mamia katika nchi ile. Utaratibu wake ni huu. Kwa kawaida kijana huwa amekwisha kukiri kosa lake kwa hiari, na mzazi wake amekubali. Vijana wenziwe ndio wanaomwuliza, ndio wanaomsemea, ndio wanaomsemea aliyekosewa, na ndio wanaoamua atengeneze vipi. Humwamuru aombe radhi, alipe au arudishe, na afanye kazi ya manufaa kwa watu kwa saa kadhaa. Na mwisho wa yote, mara nyingi hutakiwa yeye naye siku nyingine aketi miongoni mwa waamuzi, asikilize kosa la mwenziwe.

Sharti hili la mwisho ndilo roho ya jambo lote. Mtoto aliyekuwa mshitakiwa mwezi uliopita, leo aambiwa: nasi twaihitaji akili yako. Hapana fimbo duniani iwezayo kumwambia mtoto neno hilo.

Je, yafaa? Mwaka 2002 taasisi ya Urban Institute ya Washington ilitangaza uchunguzi wake wa baraza za namna hiyo katika majimbo 4, ikawalinganisha vijana waliopita humo na waliopita njia za kawaida, kwa muda wa miezi 6. Katika Alaska, waliorudi kukosa walikuwa 6 kwa kila 100, na wa njia ya kawaida 23. Katika Missouri walikuwa 9, na wengine 28. Katika Arizona 9 kwa 15. Lakini katika Maryland mambo yaligeuka: waliopita barazani walikuwa 8, na wengine 4. Yapasa kusema yote mawili, maana mwenye kuuza ng'ombe akaficha kilema chake amemdanganya mnunuzi. Na wachunguzi wale waliona ya kuwa palipofaa zaidi, yaani Alaska na Missouri, ndipo vijana wenyewe walipoachiwa kiti cha hakimu, na wakubwa wakawa walinzi tu.

Wazee watauliza, nao wana haki: tangu lini watoto wakahukumu watoto? Kabla ya kwenda Marekani, yafaa kwenda katika habari za Mitume. Kondoo za watu ziliingia usiku katika shamba la mtu mwingine zikalila. Wakaja mbele ya Nabii Daud, amani imshukie, naye akaona mwenye shamba apewe kondoo wale wawe fidia yake. Mwanawe Suleiman, ambaye wafasiri husema alikuwa bado mtoto, akaona njia nyingine: mwenye shamba awachukue kondoo kwa muda, anufaike kwa maziwa na sufi zao, na mwenye kondoo alilime lile shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mtu arudishiwe chake. Na Mwenyezi Mungu amesema katika Kurani ya kuwa ni yeye aliyemfahamisha Suleiman, na ya kuwa wote wawili, baba na mwana, aliwapa hukumu na elimu. Wakulima na wafugaji wa Nakivale hawahitaji kufasiriwa kisa hiki, kwa kuwa wanakiishi.

Mna mafunzo mawili ndani yake. La kwanza, hukumu ya kijana haikumvunjia mzee heshima. Daud hakusema, nyamaza wewe mtoto. La pili, hukumu ya Suleiman haikumfilisi mtu, wala haikumwacha aliyekosewa na mikono mitupu. Ilimpa mkosaji jembe. Kosa lilikuwa shambani, na dawa yake ikawa shambani.

Hali kadhalika Mtume, rehema na amani zimshukie, alimpeleka Seyyidna Ali kuwa kadhi wa Yemen. Ali akautaja ujana wake na uchache wa uzoefu wake, naye akafundishwa jambo moja: asikate hukumu mpaka amsikilize wa pili kama alivyomsikiliza wa kwanza. Elimu hiyo yaweza kufundishwa kijana wa miaka 15 katika alasiri moja, na wako wazee wa miaka 70 ambao hawajaijua.

Wengine watasema: mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, bora fimbo. Na wajue kwanza ya kuwa tangu marekebisho ya mwaka 2016 adhabu ya viboko katika mahali pa mafunzo imekatazwa na sheria. Kisha wapime wenyewe. Mtoto aliyepigwa huhesabu viboko. Vikiisha, deni lake limekwisha, na mwenye duka hakuambulia kitu. Aliyeketi mbele ya wenziwe hukutana na jambo gumu kuliko fimbo, nalo ni haya. Rika ndilo lililomfundisha kujisifu kwa wizi. Rika likimwambia ya kuwa wizi ule ni aibu, ataliamini zaidi kuliko maneno ya mtu wa makamo.

Walakini dawa kali huua ikitolewa ovyo. Sheria ya Uganda haikuunda mahakama ya namna hii. Basi lisijiite mahakama. Na liitwe baraza la sulhu la vijana, na liingie kwa mlango uliokwisha funguliwa: kwa polisi waliomwonya mtoto wakamwachilia, au kwa LC I iliyoamuru upatanishi. Nako Nakivale viongozi waliochaguliwa na wakimbizi, pamoja na Ofisi ya Waziri Mkuu inayosimamia makazi yale, wajulishwe tangu siku ya kwanza. Baraza lililojificha huzaa mashaka.

Yako na masharti mengine, ambayo lisipokuwapo hata moja ni heri baraza lisianze.

Kwanza, asiletwe ila aliyekiri kwa hiari yake. Mtoto akisema, sikufanya, basi vijana wenziwe hawana kazi naye. Haki yake ni mahakama ya sheria. Kumlazimisha akiri ili mambo yaishe upesi ni dhulma.

Pili, makosa makubwa yasikaribie hapo: kuua, kunajisi, kujeruhi vibaya, na kila lililo la silaha. Hayo ni ya serikali. Na ole wake atakayelitumia neno sulhu kumfunika aliyemwingilia mtoto wa kike, akampa baba yake mbuzi. Hiyo si sulhu.

Tatu, aliyekosewa aulizwe, na asiposamehe asilazimishwe.

Nne, waamuzi wachanganywe. Nakivale wasikae vijana wa taifa moja kumhukumu kijana wa taifa jingine. Vita iliyowatoa makwao isije ikakaa nao kitini. Mbarara nako, mtoto wa tajiri na mtoto wa kuli wakae pamoja. Wawepo na wasichana, na sauti yao isikike.

Tano, pasiwe na kipigo, wala kutukana, wala kumtembeza mtoto sokoni. Kazi atakayopewa ifanane na kosa, na iwe na mwisho unaojulikana.

Sita, yaliyosemwa barazani yabaki barazani. Kumsitiri ndugu ni ibada, na kijana atakayetoa siri aondolewe siku hiyo hiyo.

Saba, wakubwa wawili waaminifu, mwanamume na mwanamke, wawepo kila mara. Wakae nyuma, wasiseme ila haki ikitaka kuvunjwa.

Na kwa kuwa walio wengi Nakivale na Mbarara si Waislamu, baraza hili lisiwe la msikiti. Mtoto wa Kikristo aliyekosa asidhani ya kuwa ameletwa abadilishwe dini. Likae shuleni au katika jumba la watu wote, na wachungaji waalikwe kama masheikh walivyoalikwa. Waislamu watajulikana kwa kufagia jumba hilo na kuwahi kufika.

Je, kazi ya Waislamu ni ipi? Ni tatu. Wawatoe watoto wao wajifunze kusikiliza pande mbili, kama wanavyowatoa wajifunze kusoma. Katika madrasa mkubwa humfundisha mdogo herufi, basi na amfundishe insafu pia. Watoe wakubwa wenye subira, wasio na haraka ya kukemea. Na waweke sanduku dogo la sadaka, kwa ajili ya siku ambayo kioo kimevunjwa na mtoto asiye na mzazi. Mwenye duka alipwe kwanza, kisha mtoto alifanyie sanduku kazi. Huo ndio mwendo wa Omar, na ndio mwendo wa Suleiman.

Rudini sasa kwa kijana wa miaka 14. Simu imerudi ikiwa imepasuka kioo. Amekiri. Shangazi yake yuko, ameinamisha kichwa. Mbele yake wako vijana watano, wa mataifa matatu, na mmoja wao ni msichana anayemjua kisimani. Mwenye duka amesema ya kuwa ndani ya simu ile mlikuwa na hesabu za wateja wake wote, na ya kuwa siku ile hakulala. Kijana hakulijua hilo. Alidhani ameiba kitu, kumbe ameiba usingizi wa mtu. Wale watano wakashauriana, wakamwamuru aombe radhi, na kila Jumamosi kwa miezi miwili aje afungue duka, afagie, apange bidhaa, mpaka thamani ya kioo itimie. Kisha arudi barazani aketi kiti cha sita. Mwenye duka akikubali, jambo limekwisha, na jina la mtoto halikuandikwa popote.

Mfano huu haujatokea. Umetungwa ili upimwe. Lakini kila kitu kilichomo humo kiko tayari Nakivale na Mbarara: watoto, wazee, sheria, duka na ufagio. Udongo hufinyangwa ungali maji. Watakaokwenda nyumbani jioni hii wakampita mtoto aliyefungwa kamba kando ya njia na watu wamemzunguka, wasipite. Na wasimame, waulize jambo moja tu: je, hii ni mara yake ya kwanza?

Mwenyezi Mungu awaongoze vijana wa nchi hii, awape wazee subira, awarudishie walioibiwa mali zao na walioiba heshima zao, na atie sulhu katika nyumba za wenyeji na za wageni. Amin.